Herufi Moja Kwenye Sarafu ya Kaisari

Nyinyi vijana wa kanisani mnapenda kuniuliza, hasa mkiwa mnajaza fomu za kazi na mnataka kujua sisi wazazi wenu tulianzaje: Mama Mwalimu, ni kweli ulifanya kazi benki? Hapana. Habari ya benki aliianzisha marehemu mume wangu, kwa sababu ilimchosha kueleza. Nilifanya kazi na pesa, hilo ni kweli, ila pesa ambazo usingeweza kununulia hata kitunguu. Nilisafisha, nilipanga na nilisoma sarafu za Warumi wa kale katika duka dogo pale Frogtown, kwenye University Avenue, kati ya mgahawa wa supu wa Wavietnamu na fundi wa simu. Nilikaa pale miaka minane. Nitawaambia nilichojifunza, lakini nawaonya mapema: mengi niliyojifunza sikuyaelewa vizuri, na mengine siyaelewi hata leo.

Huko Bukavu nilikuwa mwalimu wa Kilatini kwenye lycée, yaani sekondari, ya wasichana. Nilipofika hapa Marekani, Saint Paul, dada mmoja wa ofisi ya kutafutia watu kazi aliniuliza lugha ninazozijua akawa anaandika: Kiswahili, Kifaransa, Mashi. Tulipofika Kilatini aliniangalia, akaweka kalamu chini, akaniuliza kama naweza kubeba mzigo wa kilo ishirini. Kwa hiyo nilianza kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hoteli, nikabeba. Mwalimu wangu wa Kiingereza ndiye aliyeniambia kuwa jirani yake, mzee mwenye duka la sarafu, anatafuta mtu mwenye mikono mitulivu wa kumtilia sarafu kwenye vibahasha. Hakutaja Kilatini. Na mimi sikutaja, nilishajifunza.

Mzee huyo aliitwa Harlan. Alifanya kazi posta maisha yake yote, akipeleka barua kwa miguu kwenye theluji, na alipostaafu akafungua duka. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa kusema "si mbaya." Jina langu, Nzigire, lilimshinda siku ya kwanza. Siku ya pili akalikata, akaniita Nzi. Nilimwacha mwaka mzima kabla ya kumweleza kwamba kwetu hilo ni jina la mdudu anayetua kwenye nyama. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaendelea kuniita Nzi.

Kosa langu la kwanza mlisikie, maana na nyinyi mtalifanya, hata kama ni kwenye kazi nyingine. Wiki ya pili aliniachia sarafu moja ya shaba, ya kijani kibichi, chafu kabisa machoni pangu. Nikataka kumfurahisha. Nilileta ndimu na magadi kutoka nyumbani, nikaisugua mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Harlan aliporudi kutoka kula, niliiweka mbele yake kwenye kitambaa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama upande huu na upande ule, akaifungia kwenye droo, akaenda kukaa dirishani akiangalia treni za Green Line zikipita. Kesho yake aliniletea sinia la sarafu zilizochakaa, zisizo na bei, na beseni la maji yaliyochujwa. Akaniambia, "Ule ukijani haukuwa uchafu, Nzi. Ile ni ngozi yake. Ilichukua karibu miaka elfu mbili kuota."

Tangu siku ile nilijua namna ya kuishika sarafu: kwa ukingo, kamwe si kwa uso. Chini yake weka taulo, kwa sababu siku moja itakuponyoka. Usisugue, iloweke, na udongo uutoe kwa kijiti cha meno cha mbao, punje baada ya punje. Taa iweke pembeni, si juu, ili herufi zitoe kivuli. Tazama ukingo: ukiona mstari mwembamba umezunguka kama ule wa beseni la plastiki, ujue ni ya bandia, imetengenezwa juzi. Na ikiteleza mkononi kama kipande cha sabuni, irudishe kwa mwenyewe kwa upole.

Kilatini changu kilijitoa chenyewe. Harlan alikuwa anasoma maandishi kwa kutumia karatasi aliyoibandika ukutani, akitamka kwa ulimi wa Minnesota, na siku moja aliisoma sarafu vibaya nikashindwa kuvumilia. Nilimsahihisha kama ninavyomsahihisha mtoto wa darasa la tatu. Alisogeza kiti, akanipa lenzi yake. "Soma hii. Na hii. Na hii." Jioni ile alisema si mbaya mara mbili.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza.

Harlan alinieleza hivi: Warumi hawakuwa na redio wala gazeti la kufika kila kijiji. Kaisari angewezaje kumfanya mtu wa mwisho wa dunia amjue? Alimlipa askari, askari akanunua mkate, mwokaji akanunua ngano, na kila mkono uliopokea sarafu ulipokea uso wa Kaisari na maneno aliyotaka yaaminiwe. "Hii ilikuwa televisheni yao," alisema. Nikaelewa mara moja. Nimekulia Zaire. Sisi tulimwona mkuu wetu wa nchi kila jioni kwenye televisheni, kabla ya habari, akishuka kutoka mawinguni.

Lakini kuelewa huko hakukunisaidia. Nilikuwa nasoma upande wa nyuma wa sarafu moja: "Uaminifu wa majeshi." Bibi amesimama, ameshika bendera mbili. Nasema vizuri, huyu alipendwa na askari wake. Harlan anasema, "Askari wake ndio waliomuua." Nachukua nyingine: wana wawili wa Kaisari wamepeana mikono, chini imeandikwa "Maelewano." Harlan anasema mmoja alimuua mwenzake mikononi mwa mama yao. Nikajifanyia kanuni: kila kilichoandikwa, geuza. Nikaona nimekuwa mjanja. Kisha nikaleta sarafu yenye bandari, meli zimejaa ndani yake, nikasema, "Hii bandari haikuwepo, sivyo?" Akasema, "Ilikuwepo. Ilijengwa kweli."

Mngejua nilivyochanganyikiwa! Ingekuwa uongo mtupu ningepumzika. Kaisari huyo huyo alisema kweli Jumatatu na uongo Jumanne, kwa sauti ile ile, kwenye fedha ile ile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mlikuwepo lilipotokea, mkiwa wadogo, mkikimbia nyuma ya viti.

Mchungaji Bisimwa alikuwa anatimiza miaka kumi ya utumishi kwenye kanisa letu kule Brooklyn Center, na kikundi cha akina mama kilitaka kumpa zawadi. Mwenyekiti alikuwa Mama Espérance, ambaye wengi mnamfahamu: mtu wa Uvira, alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, sauti yake inafika kabla yake. Tulikuwa marafiki wa kupigiana simu kila siku. Alisema, "Tusimpe suti tena, ana suti sita na anavaa moja." Akanigeukia. "Mama Mwalimu, kwenye duka lako hakuna ile sarafu ya kodi? Ile Bwana aliyoonyeshwa walipotaka kumtega?"

Ilikuwepo. Wauza sarafu wote wanayo, na wanaiita kwa jina hilo. Ni ya fedha, pana kama ukucha wa kidole gumba, ina uso wa Kaisari aliyetawala siku zile. Lakini hakuna anayejua kwa hakika kama ni aina hiyo hasa. Kadi ya maelezo ambayo Harlan aliiambatanisha nayo ilisema hivyo wazi: watu wengi hudhani ndiyo. Nilipoifunga zawadi, nikaiona kadi ile ni baridi. Akina mama wamechanga na kuinunua, wana furaha, halafu niwape "hudhani"? Nikakata kadi mpya, nikaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: SARAFU ALIYOITAZAMA BWANA WETU. Harlan alichungulia begani kwangu.

"Umeandika nini hapo?"

"Kile kile ulichoandika wewe," nikamjibu.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Mama Espérance alimkabidhi mchungaji kisanduku, vigelegele vikapigwa. Kulikuwa na msichana Mkenya, Wanjiru, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuwa anaendesha mitambo ya kanisa. Yeye alikuwa na wazo zuri: akaipiga sarafu picha kwa simu, akairusha kwenye ukuta. Ghafla Kaisari akawa mkubwa kama mlango, pua yake tu ingejaza dirisha. Watu wakashangilia.

"Auntie," Wanjiru akaniita kwenye maikrofoni, "hayo maandishi hapo yanasema aje?"

"Soma, Mama Mwalimu! Soma!" Mama Espérance alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Nikasimama. Niwaambie ukweli, nilikuwa na kiburi. Miaka yote ile tangu Bukavu hakuna mtu aliyewahi kuniomba nisome Kilatini mbele ya watu. Nikaenda karibu na ukuta, nikaonyesha kwa kidole kama niko darasani. "Warumi walikata maneno ili yatoshe," nikasema. "Hapa mnaona herufi F, peke yake. Hiyo F ni *filius*, yaani mwana. Kwa hiyo tunasoma: Kaisari, Mtukufu, mwana wa mungu…"

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza, "Mwana wa nani?" na mama yake akamziba mdomo.

Mzee mmoja wa mbele akasema pole pole, "Mwana wa mungu yupi, Mama Mwalimu?"

"Wa baba yake. Yule aliyemlea. Baba yake alipokufa walimtangaza kuwa mungu, kwa hiyo…" Nikaona sauti yangu inakimbia. Wanjiru, masikini, akidhani ananisaidia, akarusha upande wa pili.

"Na hapo?" mzee akauliza.

Ningeweza kusema haisomeki. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema. "Kuhani mkuu," nikajibu.

Mama Espérance aliinuka, akaenda kwenye ukuta, akachomoa waya. Kaisari akapotea. Mchungaji Bisimwa alikuwa bado ameishika sarafu, na nilimwona anatafuta pa kuiweka. Aliisogeza kwenye mimbari, akaitoa. Akaitia mfukoni, akaitoa. Mwishowe akaidondosha kwenye kikombe cha karatasi alichonywea chai, akasema, "Tuimbe."

Tuliimba, kila mtu kwa sauti yake.

Wiki ile simu yangu haikupoa. Mmoja alisema ni sanamu, itupwe kwenye mto Mississippi. Mwingine alisema iombewe kwanza, ndipo itupwe. Wengine waliniuliza kwa haki kabisa: kama Bwana aliona maneno haya, kwa nini hakuyataja? Au aliyataja, sisi ndio hatukusikia? Niliwajibu wote kitu kimoja, sijui, na kila nilipojibu walizidi kuniona kama ninayeficha jambo.

Mama Espérance alipiga mara moja tu. "Ulijua imeandikwa hivyo?"

"Nilijua na sikujua."

"Hilo ni jibu la nani?" Akakata simu.

Lakini ndilo jibu nililokuwa nalo. Maneno yale nilikuwa nimeyasoma labda mara mia. Niliyasoma kutafuta kama herufi zimekamilika, kama F imechakaa, kama mbele ya jina pana mkwaruzo. Nilijua yana maana gani, ila sikuwahi kuyasikia. Kazi ikikukaa mikononi inaweza kukuondoka masikioni, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikiwaona nyinyi mnavyoharakisha kuwa wazoefu.

Nilimwambia Harlan yote. Alisikiliza akiwa anapima sarafu kwenye mizani, bila kuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Mimi nimeisoma mara elfu. Sikuwahi kuisikia." Nikaona afadhali. Ndipo nikamwambia na habari ya kadi, nilichoandika na nilivyomdanganya. Akazima mizani.

"Ile F si kosa lako, Nzi," alisema. "Kadi ni kosa lako."

Siku mbili hakuniambia si mbaya kwa lolote.

Theluji ilianza kuyeyuka, barabara zote matope, ndipo Mama Espérance alipokuja dukani. Alikuja peke yake, mchana, amevaa sare ya kazini chini ya koti. Aliweka bahasha juu ya kioo. "Akina mama wamekubaliana. Tunarudisha. Mchungaji tumemnunulia viatu vya baridi." Harlan aliipokea bila swali, akamsogezea kiti. Nilidhani ataondoka. Akakaa.

"Dada," nikaanza, "kama ni sanamu iliyokukera…"

"Sanamu!" Alicheka bila furaha. "Mimi nawaosha wazee wa Kizungu kila siku, wamejaza vyumba sanamu za paka. Sanamu hazinisumbui." Akavua glavu. "Wewe ulicheza ngoma za chama?"

Nilimwelewa papo hapo. Tulipokuwa wasichana, yule mkuu wa nchi, ambaye chama kilikuwa chake, akitembelea mji, shule zilifungwa, tukapewa vitambaa vyenye uso wake, tukapangwa uwanjani kumwimbia.

"Nilicheza," nikasema.

"Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Uso wake niliuvaa hapa." Akajipiga tumboni. "Tuliimba kwamba yeye ndiye baba yetu, ndiye aliyetuletea mvua, sijui na nini. Na mimi niliamini, Nzigire. Wengine wanasema walijifanya. Mimi niliamini, na nilirudi nyumbani nikamkasirikia baba yangu mzazi kwa sababu alicheka." Akaniangalia usoni. "Nikajiambia, sitasimama tena mstari wa mbele kupigia makofi kitu nisichokijua. Halafu wewe ukaniletea kadi. Nikapiga makofi. Sikupiga kwa ajili ya Kaisari. Nilipiga kwa sababu wewe uliandika."

Nikakiri, "Niliongeza maneno. Kadi ya kweli ilisema hudhani. Mimi ndiye niliyeondoa hudhani. Nisamehe."

"Kwa nini uliliondoa?"

"Nilitaka mfurahi."

"Pengine na wale waliotupa vitambaa walisema hivyo hivyo," akasema. Hakusema kwa hasira tena. Na mimi, wanangu, sikujua kama aliniona vile nilivyowaona wale wa vitambaa, au kama wale nao walikuwa watu kama mimi tu, wenye mwandiko mzuri na haraka ya kupendeza. Bado sijui.

Mama Espérance aliinamia kioo. Kwenye sinia lililokuwa mbele yangu kulikuwa na sarafu yenye uso wa mwanamke, nywele zimesukwa mistari mizuri kama za saluni. "Huyu ni nani?"

"Mke wa Kaisari mmojawapo."

"Nyuma kumeandikwa nini? Safari hii soma vizuri."

Nikaisogeza kwenye taa. "Staha."

"Staha yake?"

"Ndiyo. Kwamba ana staha, ni mwaminifu kwenye ndoa."

"Aliandika mwenyewe?"

"Hapana. Iliandikwa kwa amri ya mumewe."

"Na staha ya mume imeandikwa wapi?"

Nikatafuta kichwani mwangu, sarafu zote nilizopitisha mikononi. "Hiyo sijawahi kuiona."

Akacheka. Alicheka kile kicheko chake mpaka fundi wa simu akachungulia mlangoni. Na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka, sijui ya kipi.

Akavuta kiti karibu. "Haya, soma nyingine. Na unieleze, kweli au uongo."

Nikasoma. Nilipojua ni kweli, aliiweka kulia. Nilipojua ni uongo, kushoto. Niliposema sijui aliguna, akaiweka katikati. Tulifanya hivyo saa nzima, akisahau kwamba ana zamu, na fungu la katikati likawa kubwa kuliko yote mawili. Mwishowe akaifungua ile bahasha, akatoa sarafu ya kodi, akaipiga chini kwenye fungu la kushoto. "Hii najua mwenyewe pa kuiweka."

Harlan alikuja kufunga duka, akaona mafungu matatu kwenye kitambaa. "Ni nini hiki?"

"Kweli, uongo, na sijui," nikamwambia.

Aliinama, akatazama muda mrefu. Akachukua mbili kutoka fungu la uongo, akazihamishia katikati. Akachukua moja kutoka fungu la kweli, akaihamishia katikati nayo. Mkono wake ukaenda kwenye sarafu ya kodi, na Mama Espérance akaifunika kwa kiganja.

"Hii haitoki hapa," akasema kwa Kiswahili.

Harlan hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini aliinua mikono yake yote miwili, akaenda kuzima taa.